Barua ya wazi kwa wanaogonga mihuri ya miungano ya kampuni za chakula

Kwa wakuu wa mamlaka za ushindani, mawaziri wa biashara na wa kilimo, na wajumbe wa mabaraza ya biashara ya kimataifa.

Waheshimiwa,

Tarehe 2 Julai 2025 kampuni ya biashara ya nafaka iitwayo Bunge (jina tu, si baraza la kutunga sheria) ilikamilisha ununuzi wa mwenzake, Viterra. Walaji wengi hawakuisikia habari hiyo, maana majina hayo mawili ni nadra kuyaona kwenye mfuko wa unga au chupa ya mafuta, ingawa nafaka na mbegu za mafuta zinazopita mikononi mwa kampuni hizo huishia katika majiko ya kila bara.

Ninyi mliisikia mapema. Jalada lake lilizunguka mezani kwenu kwa miaka miwili. Tume ya Ulaya iliidhinisha Agosti 2024, kwa sharti kwamba Viterra iuze biashara yake ya mbegu za mafuta nchini Hungaria na Poland. Kanada ikaidhinisha Januari 2025 na kudai maghala sita ya magharibi mwa nchi yauzwe. China ikafuata Juni 2025. Katika safari hiyo kuna jambo la Kanada ambalo bado linanikera. Mamlaka yao ya ushindani ilikuwa imekwisha kuandika, Aprili 2024, kwamba muungano huo ungeelekea kuudhuru ushindani kwa kiasi kikubwa katika ununuzi wa nafaka kwa wakulima wa magharibi, na katika uuzaji wa mafuta ya kanola mashariki. Waliokuwa na neno la mwisho si wao. Lilikuwa la baraza la mawaziri, nalo likakubali kwa masharti.

Siwatilii shaka waliofanya kazi hiyo. Kila ofisi ilipima sehemu iliyoangukia ndani ya mipaka yake, kwa sheria iliyopewa. Ila hakuna ofisi hata moja duniani yenye kazi ya kuupima muungano wa namna hiyo kwa ukubwa wake wote, na aliyekuwa na mengi ya kupoteza, yaani mkulima anayeuza, alisikilizwa kwa sikio moja tu. Hilo ndilo lililonifanya niandike.

Tazameni hali ilivyo. Biashara ya nafaka ya dunia imeshikwa kwa muda mrefu na kampuni nne ambazo wenyewe kwenye biashara hiyo huziita kwa herufi za mwanzo, ABCD: ADM iliyoanzishwa 1902, Bunge ya 1818, Cargill ya 1865 na Louis Dreyfus ya 1851. COFCO, mali ya serikali ya China, imeingia kundini. Cargill haiuzi hisa zake sokoni, ni mali ya ukoo, na mapato yake ya mwaka wa fedha wa 2023 yalifika dola bilioni 177. Kazi ya kampuni hizi haiishii kwenye kununua na kuuza. Zina maghala, gati bandarini, meli, vinu vya kusaga na kukamua mafuta, viwanda vya chakula cha mifugo, na zina watu wanaokaa mbele ya kompyuta wakicheza na bei za miezi ijayo katika masoko ya fedha. Anayeinunua ngano ya mkulima ndiye pia anayejua, kabla ya serikali nyingi, ni tani ngapi zimelala ghalani na ziko wapi.

Kwenye mbegu na viuatilifu mambo yalikwenda mbio zaidi. Hadi 2016 vigogo walikuwa sita. Mwaka 2017 Dow na DuPont ziliungana, na kitengo chao cha kilimo baadaye kikawa Corteva. Mwaka huohuo ChemChina iliinunua Syngenta kwa dola bilioni 43. Juni 2018 Bayer ikaimeza Monsanto kwa takriban dola bilioni 63. Wakabaki wanne: Bayer, Corteva, Syngenta na BASF. Miungano hiyo mitatu mliipima mmoja mmoja, kana kwamba haikuwa ikitokea kwa wakati mmoja na katika soko lilelile.

Niruhusuni niseme na juu ya dawa mliyotoa. Ili Bayer ipate idhini, Wizara ya Sheria ya Marekani ilidai iuze mali za takriban dola bilioni 9, na Tume ya Ulaya nayo ikadai mauzo makubwa. Mnunuzi alikuwa BASF, mmoja wa wale sita. Naelewa hesabu yenu: BASF haikuwa na biashara kubwa ya mbegu, kwa hiyo kwenye jedwali idadi ya wauzaji wa mbegu haikupungua. Lakini matokeo yake ni kwamba kampuni iliyokuwa ikitegemea viuatilifu sasa inauza vyote viwili, mbegu pamoja na kemikali inayokwenda nayo, kama wenzake watatu. Mkulima aliyekuwa na nafasi ya kuchanganya, mbegu ya huyu na dawa ya yule, nafasi yake imefinywa. Jedwali lenu halina safu ya kuandika hilo.

Na hapa ndipo penye kiini cha barua yangu. Mtihani mnaoutumia huanza na swali la bei ya mlaji: je, itapanda? Tangu mwishoni mwa miaka ya 1970 fikra hiyo ilitawala Marekani, kisha ikaenea kwingine. Ni swali la haki na mimi kama mlaji nalihitaji. Lakini chakula kina pande mbili za soko, na kampuni iliyosimama katikati inaweza kumwacha mlaji alipo, ikaitafuta faida yake kwa kumlipa mkulima pungufu. Jalada litaonyesha kwamba bei ya dukani haikusogea. Muhuri utagongwa.

Mkulima ni muuzaji asiye na muda. Mazao yanaoza, mkopo wa mbolea una tarehe yake, na ng'ombe aliyekwisha kufikia uzito akikaa zizini wiki kadhaa za ziada anaila faida yote. Nafaka ni nzito na usafiri una gharama, kwa hiyo lile soko la dunia tunalolisoma kwenye ripoti, kwa mkulima ni maghala mawili matatu anayoweza kuyafikia kwa lori. Maghala mawili yakiwa na mwenye mmoja, bei ya kumlipa inashuka bila njama na bila mkutano wa siri. Hakuna shahidi wa kumwita wala barua ya kukamata. Ndiyo maana hatua ya muungano ni muhimu kuliko zote: ikipita hiyo, sheria zenu za kuwakamata wanaokula njama hazina cha kukamata.

Kuku wa nyama nchini Marekani wanaonyesha umbali ambao jambo hili linaweza kufika. Mfugaji wa mkataba hamiliki kifaranga, hamiliki chakula wala dawa. Vyote ni vya kampuni. Cha kwake ni banda, ardhi, na deni la benki lililojenga banda. Kuku wakishavunwa, malipo yake hupangwa kwa kumshindanisha na wafugaji wenzake wa kampuni hiyohiyo waliovuna kipindi kilekile: wa juu huongezewa, wa chini hukatwa. Vifaranga dhaifu wakiangukia banda lake, anaumia kwa kosa lisilo lake, na aliyempelekea vifaranga hivyo ndiye anayempangia malipo. Akitaka kuhama, sehemu nyingi hakuna kampuni ya pili ya kuhamia. Sijui jina gani jingine la kumpa mtu huyu, maana si mfanyabiashara huru na si mwajiriwa. Amebeba hatari ya wa kwanza na utii wa wa pili.

Sekta hiyohiyo imekiri kosa mahakamani. Pilgrim's Pride, ambayo sehemu kubwa ya hisa zake inamilikiwa na JBS ya Brazil, ilikiri mwaka 2021 kushiriki kupanga bei za kuku na kutozwa faini ya takriban dola milioni 107. Kampuni mama ya JBS, J&F, ilikuwa imekubali mwaka 2017 kulipa reais (fedha za Brazil) bilioni 10.3 nchini humo kwa kesi za hongo kwa wanasiasa. Mkiwa mnajiuliza kwa nini wanasayansi wa siasa wanaujali ukubwa wa kampuni na hawawaachii wachumi peke yao, jibu mojawapo ni hilo: fedha zikikusanyika kwa wachache, na kiti cha mtunga sheria huanza kuwa na bei.

Waliosema kwamba hali hii ni maumbile ya soko wasome historia ya nyama ya ng'ombe. Mwaka 1919 Tume ya Shirikisho ya Biashara ya Marekani ilitoa ripoti juu ya wachinjaji watano wakubwa, Swift, Armour, Morris, Wilson na Cudahy, ikieleza jinsi walivyolishika soko. Mwaka uliofuata walilazimika kukubali amri ya kuachana na biashara nyingine za chakula, na 1921 ikatungwa sheria ya kuwadhibiti wachinjaji na minada ya mifugo. Miaka ikapita, viwanda vipya vikafunguliwa, na kufikia 1977 wanne wa juu walikuwa na takriban asilimia 25 ya soko. Leo wanne, yaani JBS, Tyson, Cargill na National Beef, wana takriban asilimia 85 ya uchinjaji wa ng'ombe wa nyama waliononeshwa. Sheria ya 1921 haikufutwa. Ilibaki vitabuni, ila walioishika kalamu waliamua kutoitumia, na miungano ya miaka ya 1980 na baada yake ikapita mmoja baada ya mwingine.

Kuna wanaoamini kwamba kampuni nne au tano zinatosha kushindana. Kesi ya laisini ingepaswa kutupunguzia imani hiyo. Laisini ni asidi ya amino inayowekwa kwenye chakula cha nguruwe na kuku. Watengenezaji wake wachache duniani, ADM ikiwa mmoja wao, walikaa na wenzao wa Japani na Korea wakagawana kiasi cha kuuza na kupanga bei. Mwaka 1996 ADM ilikiri na kulipa dola milioni 100. FBI, wapelelezi wa serikali ya Marekani, walikuwa na kanda za mikutano, kwa sababu mkurugenzi mmoja wa ndani alikuwa akirekodi, na katika kanda hizo anasikika kiongozi wa kampuni akisema kwamba washindani ni marafiki na wateja ni maadui. Miaka mitatu baadaye ikaja kesi ya vitamini, na Hoffmann-La Roche ikatozwa dola milioni 500. Bila yule aliyerekodi, sidhani kesi ya kwanza ingefika popote.

Halafu kuna uhaba, ambao nao haumo kwenye mtihani wa bei. Februari 2022 Abbott ilifunga kiwanda chake cha maziwa ya watoto wachanga huko Sturgis, Michigan, baada ya kugundulika bakteria kiwandani. Kiwanda kimoja. Ndani ya miezi michache wazazi katika nchi tajiri kuliko zote walikuwa wakizunguka kutoka duka hadi duka kutafuta kopo, na serikali ikalazimika kuleta maziwa kwa ndege kutoka Ulaya, nyingine zikiwa za jeshi. Serikali yenyewe ilikuwa imechangia kuujenga ukiritimba huo: mpango wake wa lishe kwa akina mama na watoto, unaogharimia takriban nusu ya maziwa hayo nchini, huipa kampuni moja haki ya pekee katika kila jimbo. Kwa miaka mingi mpango huo ulihesabiwa kuwa umefanikiwa kwa sababu uliokoa fedha. Uliokoa kweli. Hakuna aliyeulizwa ni nini kingetokea siku kiwanda kikisimama.

Waheshimiwa wa mabaraza ya kimataifa, sasa nawageukia ninyi. Mamlaka ya nchi huishia mpakani, kampuni haziishii hapo, na hilo lilijulikana zamani. Machi 1948, huko Havana, nchi 53 zilitia saini mkataba wa kuunda shirika la biashara la kimataifa, na ndani yake ilikuwamo sura nzima ya kuzuia kampuni kupanga bei, kugawana masoko na kuwabana wengine. Kongresi ya Marekani haikuuridhia, na kufikia mwishoni mwa 1950 serikali ya Rais Truman iliacha kuupigania. Kilichobaki ni sehemu iliyohusu kupunguza ushuru. Mizigo ikafunguliwa milango, na sheria ya kuwachunga wenye mizigo ikaachwa Havana.

Mlijaribu tena. Umoja wa Mataifa uliunda kituo cha kufuatilia kampuni za kimataifa katika miaka ya 1970, na kituo hicho kikavunjwa mwanzoni mwa miaka ya 1990, pamoja na rasimu ya kanuni za maadili iliyojadiliwa kwa zaidi ya miaka kumi. Mwaka 1980 zilipitishwa kanuni za ushindani chini ya UNCTAD, chombo cha Umoja wa Mataifa cha biashara na maendeleo, lakini za hiari: kampuni na serikali zao ziliachiwa zijichunge zenyewe, yaani kesi ya nyani ilipelekwa kwa ngedere. Mwaka 1996 suala la ushindani liliingia kwenye Shirika la Biashara Duniani, na 2004 likaondolewa kwenye mazungumzo. Tangu Juni 2014 kuna kikundi cha Baraza la Haki za Binadamu kinachojadili mkataba wenye nguvu ya kisheria juu ya kampuni na haki za binadamu. Bado kinajadili.

Wakati huohuo hataza na haki za wagunduzi wa aina mpya za mbegu, ambazo zinazipa kampuni nguvu, zilipata mikataba yenye meno. Makubaliano ya kimataifa ya UPOV ya 1991, yanayolinda aina mpya za mimea, yaliibana haki ya mkulima ya kuhifadhi, kubadilishana na kuuza mbegu za aina zilizosajiliwa, na nchi nyingi maskini zimesukumwa kuyakubali kupitia mikataba ya biashara. Desemba 2018 Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa lilipitisha Azimio la Haki za Wakulima Wadogo, ambalo kifungu chake cha 19 kinaitambua haki ya mbegu. Yale ya UPOV yanamfikisha mtu mahakamani. Hili la pili ni azimio tu.

Nimezisikiliza hoja za kampuni na sizidharau. Kiwanda kikubwa hupunguza gharama ya kila kilo. Kusafirisha makumi ya maelfu ya tani za ngano kuvuka bahari si kazi ya mtu mwenye malori mawili, na mwaka mavuno yanapoharibika upande mmoja wa dunia, wenye meli na maghala ndio wanaoziba pengo. Ni kweli. Lakini ukubwa wa meli ni jambo moja, na mtu mmoja kushika mbegu, ghala, bandari, habari za akiba na dau la bei kwa pamoja ni jambo jingine. Gharama iliyopungua haimfikii mlaji yenyewe. Inafika pale tu panapokuwa na mwingine wa kumkimbilia. Machi 2022 fahirisi ya bei za chakula ya FAO, shirika la Umoja wa Mataifa la chakula na kilimo, ilifika kiwango cha juu kuliko wakati wowote tangu ianze kupimwa, na ripoti ya UNCTAD ya 2023 ilionyesha jinsi wafanyabiashara wakubwa wa chakula walivyovuna faida katika kuyumba huko kwa bei, nyingi ikitokana na shughuli za kifedha ambazo wasimamizi hawazioni vizuri. Mwaka 2024 watu wapatao milioni 673 walilala na njaa, na bilioni 2.6 hawakumudu mlo kamili. Sisemi kampuni ndizo zilizoileta njaa hiyo yote, maana vita na hali ya hewa vina sehemu kubwa. Nasema ahadi ya kwamba ukubwa utatulisha sote imepewa muda wa kutosha.

Ninayoyaomba si mageni. Mwongozo wa miungano uliotolewa Marekani Desemba 2023 unataja waziwazi madhara kwa wanaouza kwa kampuni zinazoungana, wakiwamo wanaouza kazi yao. Mwaka 2024, katika kesi ya kuzuia kampuni ya maduka makubwa ya Kroger kuinunua ile ya Albertsons kwa dola bilioni 24.6, Tume ya Shirikisho ya Biashara ilipeleka mahakamani hoja ya bei pamoja na hoja ya wafanyakazi, na Desemba mahakama ikauzuia ununuzi huo. Ulaya tangu 2019 ina agizo linalowataka wanunuzi wakubwa kulipa mazao yanayoharibika ndani ya siku 30. Kwa hiyo zana zipo.

Kuhusu kuzitolea taarifa akiba za nafaka, mfano upo wa miaka zaidi ya hamsini. Mwaka 1972 Umoja wa Kisovieti ulinunua nafaka nyingi mno za Marekani kupitia kampuni kadhaa za biashara, kila moja ikiuza kimyakimya, na serikali ikaendelea kulipa ruzuku ya mauzo ya nje bila kujua ukubwa wa kilichokuwa kikiondoka. Mwaka uliofuata Kongresi ilitunga sheria ya kuwataka wauzaji watoe taarifa. Hadi leo anayeuza nje tani 100,000 au zaidi za zao moja kwa siku moja kwenda nchi moja hutakiwa kuripoti siku ya kazi inayofuata. Hakuna kampuni iliyokufa kwa kuripoti. Mfumo wa taarifa za masoko ulioundwa na G20, kundi la nchi zenye uchumi mkubwa, mwaka 2011 unategemea makadirio ya serikali, na akiba zilizo mikononi mwa watu binafsi zimebaki gizani. Zitoeni gizani kwa sheria ileile, kila nchi yenye bandari ya nafaka.

Na jalada lijalo litakapofika, maana litafika, naomba mfanye mambo machache kabla ya kugusa muhuri. Liunganisheni na majalada ya miaka kumi iliyotangulia katika soko hilohilo, muone soko lilipotoka. Kaeni pamoja na mamlaka za nchi nyingine zinazolipima, zikiwamo za nchi ndogo ambazo hakuna anayewaomba idhini ingawa wakulima wao wanauza kwa kampuni hizohizo. Mkidai mali ziuzwe, mnunuzi asiwe mmoja wa vigogo waliobaki. Waiteni wakulima, wafugaji na wafanyakazi wa viwandani watoe ushahidi, na muwalinde, kwa sababu anayesema dhidi ya mnunuzi wake wa pekee anahatarisha msimu wake. Waambieni wanaotaka kuungana walete bei walizowalipa wakulima, ghala kwa ghala, kwa miaka mitano. Halafu chapisheni mlichokiona, kwa lugha wanazozisoma wale wanaouza mazao hayo, miezi mitatu kabla ya uamuzi.

Wasalaam.